Sahihi ya Karatasi ya Tatu

Sajini Nassibu Mwinjuma alishuka Salale Jumanne ile na hamu moja tu: Zaidi afungwe. Tusidanganyane, hakuja na moyo mweupe. Miaka kumi na mmoja nyuma Zaidi huyuhuyu alisimama mbele ya Bwana Shauri, akaapa kwamba mzee Mwinjuma anakata mikoko bila kibali. Mzee akapigwa miezi sita. Alitoka na kifua, mwaka hakuumaliza. Sasa Zaidi ni dalali wa boriti Kibiti, ana ghala, ana lori, na jina lake limo kwenye faili. Sajini alikuwa amelisoma jina hilo ndani ya mtumbwi tangu Nyamisati mpaka hapa, kama mtu anayerudiarudia barua ya mchumba.

Faili lenyewe jembamba. Mtoro Sadala, mkata mikoko, alipakia boriti korija mia tatu kwenye meli ndogo ya pwani. Korija ni ishirini, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe, boriti elfu sita, jasho la misimu miwili. Meli ilimaliza kupakia Alhamisi, tarehe nane Novemba, mwaka huu wa hamsini na sita, alasiri. Mzigo wa mwisho ukiwa unapanda, kamba ikakatika, boriti ikamkuta Mtoro kifuani. Alibebwa nyumbani. Na jioni ile, huku yeye amelala kitandani, nahodha alitia sahihi karatasi za meli kama kawaida.

Karatasi hizi hutoka tatu, zote sawasawa, hakuna mama wala mtoto. Na karatasi ndiyo mzigo. Ukiwa nayo, boriti zako hata zikiwa ghalani Dar es Salaam, ni zako. Mwenye mzigo akitia sahihi yake mgongoni na kumpa mtu, mzigo umehama, kwisha maneno. Halafu itakayofika bandarini kwanza ndiyo inayokula. Mbili zilizobaki unaweza kufungia karanga.

Karatasi mbili zilipelekwa nyumbani kwa Mtoro siku ileile na zipo mpaka leo, mgongoni nyeupe. Ya tatu ilifika bandarini mkononi mwa mnunuzi mmoja wa Dar es Salaam. Mgongoni ina sahihi ya Mtoro kwa herufi za Kiarabu, na tarehe: tisa Novemba. Mnunuzi anasema ameuziwa na mtu aliyejiita Zaidi, dalali wa Kibiti. Hamjui, hakuwahi kumwona kabla.

Na shahidi yupo. Swalehe, karani wa wakala wa meli, ambaye ni mtoto wa baba mdogo wake Mtoro. Kwenye simu aliwaambia polisi wa Dar es Salaam maneno machache: Ijumaa asubuhi alimwona Mtoro kwa macho yake akitia sahihi ile na kumkabidhi Zaidi. Usiku wa siku hiyo Mtoro akafa.

Bandari ilisema itazuia boriti mpaka Jumamosi adhuhuri. Kama polisi hawana neno, mnunuzi anachukua mzigo wake, meli ya Uarabuni iko tayari inasubiri. Mjane wa Mtoro atabaki na karatasi zake mbili na watoto wanne.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba." Bibi Mwanahalima, mama yake Mtoro, alikuwa amekaa barazani anachambua mchele. Alimwangalia Sajini kuanzia buti mpaka kofia. "Wewe mtoto wa Mwinjuma. Masikio hayohayo. Kaa. Huyo konstebo wako naye akae, asisimame kama mtu anayetaka kuiba kuku."

Konstebo Mussa alikaa upesi.

Mwantumu, mjane, alikuwa ndani, nyuma ya pazia. Yuko kwenye eda, haonekani na mwanamume wa nje. Sauti yake ndiyo iliyotoka.

"Dada, pole na msiba," Sajini alisema.

"Nimeshapoa. Umekuja kunipa boriti zangu au umekuja kuniuliza yaleyale?"

"Nimekuja kuuliza. Zaidi alifika hapa Mtoro akiwa mgonjwa?"

"Zaidi alifika."

Kalamu ya Sajini iliruka. "Lini?"

"Siku ya kuzika. Ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea."

"Kabla ya hapo?"

"Kabla ya hapo hapana. Angefika saa ngapi? Mtu ameumia alasiri, Isha imepita roho imetoka. Hakuzinduka hata kuomba maji."

"Siku gani?"

"Usiku wa Ijumaa."

Sajini aliandika. Daftari la polisi huandikwa Kiingereza, kwa sababu Bwana Inspekta wa Utete Kiswahili chake ni cha kuagizia chai. Akaandika Ijumaa kwa Kiingereza, akaandika usiku. Akalinganisha na faili. Faili nalo linasema hivyohivyo, Ijumaa usiku, tarehe tisa. Vizuri.

Kalamu ikasimama.

Aliyaangalia yale maneno mawili kwa mwandiko wake mwenyewe. Kisha akainua kichwa.

"Bibi, mlimzika lini?"

"Ijumaa, watu walipotoka msikitini."

"Ijumaa ileile?"

"Mussa," Bibi Mwanahalima alimgeukia konstebo, "kwenu polisi Ijumaa huwa ngapi kwa wiki?"

"Moja, bibi."

"Haya, mwambie mkubwa wako."

Sajini hakucheka. Alifuta maneno yale mawili kwa mstari mmoja, akaandika upya: Alhamisi, tarehe nane, baada ya Isha. Unaona kilichotokea? Usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa. Jua likizama Alhamisi, Ijumaa imeshaingia. Mtoto wa miaka mitano hapa anajua. Kiingereza ndicho hakijui. Ukiupeleka usiku wa Ijumaa kwenye Kiingereza neno kwa neno, unakwenda kuangukia usiku wa pili, Ijumaa imeshakwisha, maiti iko kaburini tangu mchana.

Kwa hiyo Ijumaa asubuhi Mtoro hakutia sahihi yoyote. Kalamu hushikwa na mtu aliye hai.

Hilo zuri. Baya lake ndilo lililomkunja uso Sajini. Mghushi aliandika tarehe tisa kwa sababu aliamini Mtoro yu hai mchana wote wa tarehe tisa. Karatasi imetoka jioni ya tarehe nane, haiwezi kutiwa sahihi kabla haijazaliwa. Marehemu, kwa imani yake, kafa usiku wa tarehe tisa. Katikati hapo palibaki mchana mmoja tu wa kuchezea, akauchukua. Sasa mtu aliyeshuka kaburini mchana huo, akampokea Mtoro kwa mikono yake miwili, anaweza kuandika hivyo?

Hawezi. Hata awe mwizi wa namna gani.

"Mbona umenuna?" Bibi Mwanahalima aliuliza. "Nilidhani umefurahi."

"Nimefurahi, bibi."

"Mimi nakutaka umpate huyo mwizi. Sitaki unisaidie kulia, nimelia vya kutosha. Nataka nimwone amekaa hapo ulipokaa wewe, na mimi nachambua mchele wangu."

"Utamwona," Sajini alisema. "Bibi, akija mtu yeyote kutoka Dar es Salaam, msizungumze naye habari za msiba. Pole msipokee. Siku ya kufa wala ya kuzika isitajwe."

Kutoka nyuma ya pazia Mwantumu akauliza, taratibu, "Nani anakuja kutoka Dar es Salaam?"

Sajini alifunga daftari. "Shahidi," alisema.

*

Jumatano saa tano walikuwa Kibiti, matope mpaka magotini, maana lori lililowachukua lilikwama mara mbili. Zaidi alikuwa mlangoni pa ghala lake, kanzu safi, kijiti cha meno mdomoni.

"Aa, mtoto wa Mwinjuma! Umekuja na pingu?"

"Ninazo."

"Lete basi. Kila nikikuona njiani naona unanipima mkono."

"Nani alimpa Swalehe habari ya msiba?"

Zaidi alitoa kile kijiti mdomoni. Hakutegemea swali hilo. "Mimi. Nilimpelekea simu ya maandishi. Ndugu yake amekufa, mtu hana mawasiliano, nani mwingine angempelekea? Na asiseme asante wala asije hata matanga."

"Wewe ulirudi lini kutoka Salale?"

"Ijumaa hiyohiyo baada ya kuzika. Simu nikaiandikisha hapa jioni, ikaenda na lori la mpunga, likavuka pantoni ya Ndundu asubuhi mapema, likafika Utete posta wakaipiga. Jumamosi."

"Uliandika mwenyewe?"

"Mimi naandika herufi za chuoni, za Kiarabu. Aliandika Bwanaheri."

Bwanaheri, mwandika barua, alikuwa palepale kwenye baraza la ghala, na mashine yake ya kupiga chapa iliyokosa herufi moja, kila penye hiyo herufi anajazia kwa wino. Mtu mwembamba, miwani imefungwa uzi. Kiingereza alijifunza kwa posta, vitabu vilikuwa vinakuja kwa bahasha, na hakuna siku alisahau kukwambia.

"Nakala unazo?" Sajini aliuliza.

"Sajini! Mimi kila kitu kwa kaboni. Hata barua za posa." Alipekua sanduku, akatoa kijikaratasi. "Hii hapa. Maneno manne. Kwa Kiswahili yangekuwa mengi, na posta wanahesabu kila neno. Nikamwambia Bwana Zaidi, tukiweka Kiingereza inakuwa fupi na ina heshima."

"Isome."

Bwanaheri alikohoa, akasafisha koo. Aliisoma Kiingereza chote, mpaka mwisho: "...Mtoro, fraide naiti."

"Zaidi alikwambia uandike nini?"

"Mtoro amefariki usiku wa Ijumaa."

"Bwanaheri. Leo nini?"

"Jumatano."

"Kesho jua likizama, usiku huo ni usiku wa nini?"

"Usiku wa Ijumaa."

"Huo usiku kwa Kiingereza unauitaje?"

Bwanaheri aliivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena, akaiangalia kaboni yake kama imemtukana.

"Laa ilaha," alisema. "Nimemuua marehemu siku ya pili."

Zaidi alicheka mpaka akashika mlango. Sajini hakucheka. Aliichukua ile kaboni. Aliishika kwa muda mrefu kuliko unaohitajika kusoma maneno manne. Kiberiti kilikuwa mfukoni mwake. Bila karatasi hii, kuna mnunuzi anayesema Zaidi, kuna shahidi anayesema Zaidi, kuna sahihi iliyofanana kabisa na ya Mtoro. Bwana Inspekta hasomi mambo ya jua kuzama. Konstebo Mussa alikuwa anaangalia mkono wa Sajini.

Sajini aliitia kaboni kwenye bahasha, akailamba, akaifunga.

"Andika juu, Mussa. Imepokewa kwa Bwanaheri, Kibiti, saa tano na robo. Wote watieni sahihi zenu."

Zaidi alikuwa ameacha kucheka. Si mjinga yule. "Kumbe ilikuwa niende jela mimi," alisema.

"Swalehe amekutaja. Anasema alikuona ukipewa karatasi na Mtoro, Ijumaa asubuhi."

"Ijumaa asubuhi nilikuwa kwenye mtumbwi nakwenda kuzika!"

"Najua."

"Mbwa yule." Kisha akamgeukia Sajini, "Na wewe umeniacha."

"Nimekuacha kwa hili."

"Baba yako, Nassibu, nilimwona kwa macho yangu anakata bila kibali. Sikumsingizia."

"Ulimwona kwa sababu mlikuwa pamoja," Sajini alisema. "Shoka lilikuwa moja, mlikuwa mnapokezana. Ulipofika kwa Bwana Shauri ukasahau mkono wako." Aliweka bahasha kifuani. "Yako haijafika, Zaidi. Ila nitaileta kwa njia yake. Kesho Swalehe anakuja Salale, nawe uwe huko saa tatu. Ukae pembeni, na domo lako liwe limefungwa mpaka nikwambie."

"Nikifunguliwa nimwambie nini?"

"Chochote utakacho."

*

Alhamisi Sajini alimpokea Swalehe mwenyewe pale Nyamisati, asije akakutana na mtu akampa pole. Swalehe alishuka kwenye gari na tai shingoni, mkoba wa ngozi, viatu vyeusi vinang'aa. Matope ya gatini yakamfanya avivue, akavibeba mkononi kama vifaranga.

"Sajini, mimi nina kazi nyingi ofisini. Hii si ingeandikwa Dar es Salaam?"

"Mahakama inataka shahidi aseme palepale alipoona. Hatutakaa sana."

Sasa ungeuliza, kwa nini asimfunge pingu palepale gatini? Kwa sababu ya maneno yale aliyowaambia polisi kwenye simu. Machache mno. Ukimkamata nayo atasema samahani, nilichanganya tarehe, na hakimu atamwelewa, nani hachanganyi tarehe? Mtu wa namna hii humfungi kwa uongo mmoja. Unamwachia aujenge, aupige lipu, aupake chokaa, ahamie ndani. Ndipo unafunga mlango.

Barazani Salale Bibi Mwanahalima alikuwa na ungo wake. Zaidi alikuwa pembeni amejikunja, Swalehe akamwona, akageuza macho haraka.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba." Basi. Hakuongeza.

"Shemeji, hujambo huko ndani?"

"Sijambo," pazia likajibu.

Sajini alimwapisha kwa msahafu. Konstebo Mussa akashika kalamu, na safari hii Sajini akamwambia aandike Kiswahili, neno kwa neno.

"Ile karatasi ya tatu. Ilikuwa kwako?"

"Ilikuwa kwangu, niipeleke ofisini. Alhamisi jioni niliondoka nayo nikalala Nyamisati. Lakini moyo ukanituma, nikasema ndugu yangu ameumia, ngoja nirudi nimwone. Ijumaa asubuhi nikarudi."

"Tarehe tisa."

"Tarehe tisa."

"Saa ngapi?"

"Saa nne. Nina saa ya mkono, niliangalia."

"Nani walikuwepo nyumbani?"

"Hakuna. Shemeji alikuwa amekwenda kisimani. Mama mkubwa sikumwona. Alikuwepo Mtoro kitandani, na huyu." Alionyesha kwa kidevu, bila kumwangalia Zaidi.

Ungo wa Bibi Mwanahalima ulikuwa unapanda na kushuka, mchele unaruka, shwa, shwa.

"Mtoro alikuwa katika hali gani?"

"Dhaifu, ila akili zake zote. Amekaa, ameegemea mto. Zaidi akamwambia, niuzie mzigo huu. Akaniomba ile karatasi. Mimi nikamkatalia, nikasema kaka, hii ni ya ofisi. Akasema, mzigo ni wangu, lete. Ningefanyaje? Nikampa. Akatia sahihi mgongoni, Zaidi akaweka mfukoni."

"Alitumia kalamu ya nani?"

"Yangu. Hii hapa."

"Mkono ulikuwa unatetemeka?"

Swalehe alifikiri. Alikuwa ameshaona sahihi imenyooka. "Hapana. Mkono ulikuwa imara."

"Alisema kitu kingine?"

Hapo ndipo alipojimaliza. Hakuulizwa zaidi ya hilo, angeweza kusema hapana, akanyamaza. Lakini alimwona Sajini amekaa vizuri anasikiliza, akapenda sauti yake. Akalegeza tai.

"Alinishika mkono. Akasema, Swalehe, mimi sijui kama nitapona. Mwangalie Mwantumu na watoto. Akaomba maji, nikamnywesha mimi mwenyewe kwa kata. Akaniambia Mungu akuweke. Machozi yakanitoka."

Ungo ulisimama.

"Andika yote, Mussa," Sajini alisema. "Na maji."

Konstebo aliandika, akasoma kwa sauti kutoka juu mpaka chini. Sajini akauliza baada ya kila mstari: ni kweli? Swalehe akajibu: ni kweli. Tarehe tisa, ni kweli. Ijumaa, ni kweli. Saa nne asubuhi, ni kweli. Akatia sahihi kurasa mbili, kwa kalamu ileile.

Sajini alikausha wino kwa karatasi ya kunyonya, polepole, kona kwa kona.

"Habari ya kifo uliipata vipi?"

"Simu ilikuja ofisini Jumamosi. Kwamba amekufa Ijumaa usiku."

"Kwa Kiingereza."

"Kwa Kiingereza, ndiyo."

"Hukuja kuzika, hukuja matanga. Tangu siku hiyo hujamuuliza mtu yeyote wa hapa kwenu, kwa Kiswahili, ndugu yangu amekufa lini?"

Swalehe alitazama huku na huku. "Simu ilisema..."

"Dada," Sajini aliliita pazia bila kugeuka. "Ijumaa ile, saa nne asubuhi, wewe ulikuwa wapi?"

Mwantumu akasema, sauti haikupanda wala haikushuka:

"Nilikuwa humu ndani namwosha mume wangu. Maji ya mkunazi. Mimi namimina, kaka yake anasugua. Uani wanaume wanashona sanda, mlangoni watu wamejaa mpaka njiani. Huyo aliyekaa akaegemea mto, Swalehe, akakushika mkono, akanywa maji kwa kata, mimi sikumwona. Niliyekuwa naye alikuwa amefungwa kidevu."

Rangi ilimtoka Swalehe, kwanza midomoni.

"Usiku wa Ijumaa," Zaidi alisema kutoka pembeni, naye hakungoja ruhusa. "Usiku wa Ijumaa, bwana karani! Umekaa Dar es Salaam mpaka siku zako zimekupotea? Ungeniuliza mimi uliyenisingizia, ningekwambia bure."

"Nime... nimekosea tarehe." Swalehe alimgeukia Sajini. "Ilikuwa Alhamisi. Ndiyo, Alhamisi saa nne asubuhi."

"Alhamisi saa nne asubuhi meli bado inapakia. Mtoro yuko juu ya boriti anafokea watu. Karatasi haijatoka."

"Basi jioni. Alhamisi jioni."

"Alhamisi jioni ulikuwa njiani kwenda Nyamisati, umesema mwenyewe. Na jua la saa nne uliloliangalia kwenye saa yako? Na shemeji kisimani, usiku? Na Zaidi, ambaye Alhamisi jioni alikuwa Kibiti anapakua mpunga mbele ya watu ishirini?" Sajini aliinua zile kurasa mbili. "Umeapa, ukasomewa, ukatia sahihi. Karatasi ilikuwa mkobani mwako, hukumrudishia mtu. Sahihi za Mtoro zimejaa kwenye mafaili ya ofisi yako, ukachukua moja ukaiga. Ukajiita Zaidi mbele ya mtu asiyemjua Zaidi. Kesho yule mnunuzi ataletwa akuangalie uso. Simama."

Pingu zilikuwa mpya, za Kiingereza, zililia mara moja tu. Kwa miaka kumi na mmoja Sajini alikuwa ameusikia mlio ule kichwani na ulikuwa kwenye mkono wa mtu mwingine. Zaidi aliangalia pingu, akamwangalia Sajini, akajifanya anatafuta kiatu chake.

"Dada," Sajini alisema. "Zile karatasi zako mbili zitunze vizuri, usimpe mtu, usitie alama yoyote. Sahihi ya uongo haihamishi mzigo. Hata mnunuzi awe amenunua kwa moyo safi, aliyemuuzia hakuwa na kitu cha kuuza. Hiyo ya tatu imekufa, zako zinaishi. Leo hii neno linakwenda bandarini, boriti hazitoki. Kadhi akishawataja warithi, mtaweka sahihi nyinyi, mchukue chenu."

"Elfu sita?"

"Elfu sita. Hakuna iliyoguswa."

Nyuma ya pazia alisikika akivuta pumzi, ndefu. Mara ya kwanza tangu Jumanne.

Mussa alikuwa amekwisha kumshika Swalehe kiwiko kumteremsha gatini. Swalehe akajivuta nyuma, akapiga magoti palepale barazani, tai imening'inia juu ya mchele.

"Mama mkubwa! Mimi mwanao. Serikali wanifunge, sawa, lakini nyie nipeni radhi. Shemeji, nakuomba. Nitakwendaje jela na radhi ya watu shingoni?"

Bibi Mwanahalima alisogeza ungo wake, tai isiguse chakula.

"Sogea," alisema. "Unanizibia mwanga."

"Shemeji! Neno moja tu! Nisamehe!"

Pazia lilitikisika, kama mtu amesimama nyuma yake.

"Mzigo ulikuwa wa Mtoro, na radhi ni ya Mtoro," Mwantumu alisema. "Kamwombe mwenyewe, Swalehe. Wewe si maiti huzungumza nawe?"